Nani anamjazia mama mboga ritani? Historia fupi ya kodi na karatasi zake, Embu na Meru

UZI 🧵

1. Kila Juni ikifika tarehe 20 na kitu, mjadala hapa ni ule ule. Upande mmoja unasema, "Watu wa chini hawalipi kodi, ndiyo maana mzigo umelemea wachache." Upande wa pili unajibu, "Mtu hana kazi, anajaza ritani ya nini?" Tunatukanana hadi Julai mosi, halafu tunasahau mpaka mwaka ujao.

2. Leo tuongee kuhusu swali ambalo pande zote mbili hulikwepa: mtu wa kipato kidogo anasaidiwa na nani kujaza hizo karatasi, na kwa bei gani? Kanuni zetu hazijabadilika. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta la kwako kwenye maoni nalifuta, hata kama ni la upande ninaoupenda.

3. Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nyumbani ni Runyenjes, Embu, na kwa kina mama ni Nkubu, Meru. Juni mbili zilizopita mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukikaa kwenye ukumbi wa kanisa Jumamosi, laptopu moja, bando la kuchangiana, tukisaidia watu kujaza ritani bure. Sisi si shirika. Hatuna jina, hatuna fulana.

4. Jumamosi tarehe 21 Juni 2025 alikuja mama mmoja anayeuza mboga sokoni. PIN alifunguliwa mwaka wa 2020 kwa saiba, kwa sababu chama chao kilikuwa kinafungua akaunti ya benki. Hakuna aliyemwambia kwamba PIN huja na kazi ya kila mwaka. Tulipoingia iTax tukakuta ritani nne za nyuma hazijajazwa. Kila moja ina faini ya Sh2,000. Jumla Sh8,000.

5. Faida yake haifiki Sh15,000 kwa mwezi. Kwa sheria ya sasa, nafuu ya kibinafsi ni Sh2,400 kwa mwezi, na Sh24,000 za kwanza za mapato hutozwa asilimia 10. Piga hesabu: mtu wa Sh24,000 au chini hadaiwi kodi ya mapato hata shilingi. Yaani mama huyu alikuwa anadaiwa Sh8,000 za faini juu ya kodi ya sufuri. Hebu soma hiyo tena.

6. Na kulikuwa na msamaha! Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta msamaha wa faini na riba, na baadaye ukaongezwa ufikie makosa ya hadi mwisho wa 2023, tarehe ya mwisho ikiwa 30 Juni 2025. Tuko tarehe 21. Zimebaki siku tisa, na mwenye deni hajawahi kusikia neno "msamaha" likitajwa na mtu yeyote. Shikilia hiyo picha, tutairudia. Kwanza twende nyuma miaka mia moja na zaidi.

7. Kodi ya nyumba ilianza rasmi katika himaya hii ya Waingereza mwaka wa 1901. Huku kwetu ilichelewa kidogo kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa haijafika. Embu ilivamiwa 1906. Kituo cha Meru kilianzishwa 1908 na afisa E. B. Horne, yule wazee wa Meru walimpa jina Kangangi. Baada ya kituo, hesabu ya nyumba. Baada ya hesabu, kodi.

8. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili mwanamume asiyekuwa na nyumba yake naye asiponyoke. Na kodi yenyewe ilitakiwa kwa pesa taslimu. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Ukiwa na mtama, mbuzi na shamba lakini huna sarafu, itabidi uende ukaitafute sarafu. Ilikuwa wapi? Kwenye mashamba ya walowezi. Kodi haikuwa mapato ya serikali tu, ilikuwa pia njia ya kumtoa mtu nyumbani kwake aende akafanye kazi ya mwingine.

9. Sasa angalia miaka ya 1921 na 1922, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huruka. Kodi ya Mwafrika ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Wakati huo huo serikali ilijaribu kuwatoza walowezi kodi ya mapato. Walowezi wakapiga kelele, na 1922 kodi hiyo ikaondolewa. Haikurudi mpaka 1937.

10. Waafrika nao wakapiga kelele. Kijana mmoja aliyekuwa karani wa simu katika Hazina yenyewe aliongoza malalamiko kuhusu kodi, kipande na mishahara. Akakamatwa. Machi 1922 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Kwa hiyo kelele za upande mmoja zilimalizwa kwa mkutano, za upande wa pili kwa bunduki. Mtu akikuambia kodi ni suala la hesabu tu, mwonyeshe mwaka huo mmoja.

11. Kuna jambo lingine la huku kwetu. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa hivi hivi. Ni katikati ya miaka ya 1930 ndipo serikali ilipokubali majaribio madogo, na sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Meru, Embu na Kisii. Kwa zaidi ya miaka ishirini, basi, mtu wa Meru alitakiwa kulipa pesa taslimu huku akizuiwa kulima zao lililoleta pesa nzuri. Halafu aitwe mvivu.

12. Guka yangu alikuwa na mkebe wa bati chini ya kitanda. Alipofariki tuliufungua. Hatukukuta pesa, tulikuta risiti za kodi za miaka ya 1950, zimekunjwa mara nne, zingine zimeliwa na mende. Nilimwuliza shosho kwa nini alizitunza hivyo. Akasema, "Ukikutwa bila hiyo karatasi, unalala kwa chifu."

13. Na miaka ya 1950 haikuwa miaka ya kawaida huku. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka wa 1953 Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekewa kodi maalumu ya shilingi 20 juu ya ile ya kila mtu. Kodi ya kabila. Tukiongea juu ya "kwa nini watu wa mlima hawapendi karatasi za serikali", tukumbuke kwamba hawakuzaliwa hivyo. Karatasi ya kodi ilikuwa kitambulisho cha kukuepusha na seli.

14. Guka hakujua kusoma. Hakuwahi kujua risiti zile zimeandikwa nini. Karani aliandika, guka akapokea, akatunza. Kama karani alikosea mwaka au jina, guka angejulia wapi? Hapo ndipo tatizo letu la leo lilipozaliwa: mwenye kudaiwa hasomi, anayesoma si wake.

15. Baada ya uhuru mambo yakageuka. Kodi ya kichwa ilikuwa imeshageuzwa kuwa kodi ya viwango, kwamba mwenye nacho alipe zaidi. Miaka ya 1960 pesa hizo zilisaidia mabaraza ya kaunti ya wakati huo kuendesha shule za msingi, zahanati na barabara. Mtu wa Siakago aliweza kuonyesha kwa kidole darasa lililojengwa kwa kodi yake. Sheria ya 1969 ikahamishia kazi hizo serikali kuu, na kodi yenyewe ikaondolewa mapema miaka ya 1970.

16. Mahali pake pakaja kodi ya mauzo, mwaka wa 1973. Na 1990 ikaja VAT. Hizi hazigongi mlango. Zimejificha ndani ya bei ya sabuni. Kwa hiyo ile kauli ya "watu wa chini hawalipi kodi" ni uongo tangu mwaka wa 1973, na hata kabla ya hapo. Yule mama wa mboga hulipa kila anaponunua dizeli ya pampu ya kumwagilia sukuma wiki, kila anapoweka salio kwa simu. Anacholipa hakina risiti yenye jina lake, basi.

17. Angalia kilichotokea hapo. Kwa takriban miaka arobaini, mkulima mdogo na mchuuzi wa kawaida hawakuwa na uhusiano wa ana kwa ana na mtoza kodi wa serikali kuu. Kulikuwa na sesi ya mazao, kulikuwa na leseni za soko, lakini fomu ya mapato ilikuwa ya watu wa ofisi. Kizazi kizima, cha wazazi wetu, kilikua bila kuona ritani kwa macho.

18. Halafu uhusiano ukarudi ghafla, na ukarudi kupitia skrini. KRA iliundwa Julai 1995. Iliyobadilisha maisha ya mtu wa kawaida ni iTax, iliyoanza kuenezwa kati ya 2013 na 2014, na baada ya muda mfupi karatasi zikaisha kabisa. PIN nayo ikawa ufunguo wa kila kitu: akaunti ya benki, mkopo wa HELB, kusajili gari, zabuni ya vijana na akina mama. Wengi wetu tulichukua PIN tukiwa na miaka 18 tukidhani ni namba tu.

19. Faini ilikuwa kali zaidi mwanzoni. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 iliweka Sh20,000 kwa mtu binafsi aliyechelewesha ritani. Bunge lilishusha hadi Sh2,000 mwaka wa 2018. Tuseme asante kwa hilo. Lakini Sh2,000 kwa mtu wa Sh200,000 kwa mwezi ni chakula cha jioni. Kwa mama yule ni zaidi ya siku nne za faida.

20. Pengo hilo likajazwa na nani? Na saiba. Mimi sitawatukana watu wa saiba, wameokoa wengi, na kodi ya chumba wanalipa. Lakini tusijidanganye. Anayekujazia hapo analipwa kwa kichwa, mia mbili au mia tatu, na nyuma yako kuna foleni hadi barabarani. Njia ya haraka ni moja: ritani ya sufuri. Bonyeza, bonyeza, chapisha, "mwingine!" Umeuza mboga, umefanya kibarua, umeajiriwa, wote sufuri. Na paswadi yako imebaki kwa daftari lake.

21. Kabla hamjanipigia makofi, nikiri. Juni yangu ya kwanza nilifanya kosa lile lile. Alikuja mzee wa mtaa wetu, mlinzi wa usiku. Akaniambia, "Kijana wangu, mimi sina pesa za kukatwa kodi." Nikamwamini, nikajaza sufuri, dakika tano. Sikumwuliza kama ana fomu ya P9.

22. Alikuwa nayo. Mwajiri wake alikuwa anapeleka taarifa za mshahara kila mwezi kama sheria inavyotaka. Mshahara wake ulikuwa chini ya Sh24,000, hivyo hakudaiwa kodi, lakini ritani yangu ilisema hakupata kitu mwaka mzima, na rekodi zikasema alipata. Akapata ujumbe wa kumtaka aeleze. Akapoteza siku mbili za kazi na nauli. Tulirekebisha, kwa sababu sheria inaruhusu ritani kurekebishwa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani nyinyi wa chuo mnajua." Afadhali angenigombeza.

23. Kwa hivyo nikasoma wengine hufanya vipi. Marekani kuna mpango unaoitwa VITA, umekuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Watu wa kujitolea, wengi wakiwa wanafunzi na wastaafu, hujazia watu wa kipato cha chini na cha wastani ritani bure, kwenye maktaba, makanisa na vyuo. Kitu kilichonishika ni utaratibu wao. Huwezi kukaa kwenye meza kabla hujafanya mtihani wa mamlaka ya kodi. Na hakuna ritani inayotumwa kabla mtu wa pili hajaikagua.

24. Lakini tusinakili bila kufikiri. Kule mtu wa chini hujaza ritani kwa sababu kuna pesa anarudishiwa. Tangu 1975 wana punguzo ambalo humrudishia mfanyakazi wa mshahara mdogo pesa hata kama kodi yake ilikuwa sufuri. Huku kwetu mtu wa chini hujaza ritani ili asipigwe faini. Mmoja anaenda kuchukua, mwingine anaenda kujiokoa. Ndiyo maana ukimwambia mama mboga "ritani ni wajibu wa kizalendo" anakuangalia kama umelewa.

25. Je, kwetu hakuna msaada wa bure? Upo, na ni vizuri watu wajue. KRA ina ofisi Meru na Embu, Huduma Centre zipo miji yote miwili, na ukienda unasaidiwa bila malipo. Tatizo ni nauli na siku. Mtu wa Ishiara kufika mjini Embu, au wa Mutuati kufika mjini Meru, anafunga biashara siku nzima. Wakati saiba iko hatua ishirini kutoka kibandani kwake. Bure ya mbali ni ghali kuliko mia tatu ya karibu.

26. Sasa hoja mnazonitupia kila mwaka. Ya kwanza: "Unafanyia serikali kazi ya bure." Baada ya Juni 2024 naelewa hasira hiyo, nilikuwepo barabarani kama wengi wenu. Lakini faini ikimpata yule mama, anayeumia ni nani? Kumwepusha mtu na faini si kuunga mkono namna pesa zinavyotumiwa.

27. Ya pili: "Mtapewa paswadi za watu, mtaiba." Hofu ya haki kabisa. Ndiyo maana kwetu paswadi unaandika mwenyewe, kama huoni vizuri mwanao akuandikie, na ukitoka tunakuonyesha jinsi ya kuibadilisha. Tangu yaliyompata mzee wa ulinzi, hakuna ritani inayotoka ukumbini kabla mmoja wetu ambaye hakuijaza hajaisoma yote. Mtu akija na jambo kubwa kuliko sisi, biashara kubwa au nyumba za kupangisha, tunamwambia wazi aende ofisini au kwa wakala mwenye leseni.

28. Ya tatu ndiyo nzuri zaidi: "Kwa nini mtu asiyedaiwa kitu ajaze ritani hata kidogo?" Hapa nitasema maoni yangu. Aliyeajiriwa na hana mapato mengine, mwajiri ameshapeleka taarifa zake kila mwezi. Serikali inazo. Kumtaka mlinzi aipe serikali habari ambayo serikali tayari inayo, kisha kumtoza faini akichelewa, ni kumrudisha kwenye mkebe wa guka. Kwa mchuuzi ni tofauti, mapato yake hakuna anayeyajua ila yeye, na mimi naona kuna faida ya yeye kuyaandika. Ila faini juu ya sufuri iondolewe.

29. Katiba yetu, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Huwa tunasoma hilo kama jambo la viwango: nani alipe asilimia ngapi. Mimi nadhani mzigo ni pamoja na foleni, nauli, mia tatu ya saiba, siku mbili za kazi, na woga. Tajiri ana mhasibu wa kumbebea. Mama mboga anabeba mwenyewe.

30. Turudi kwake. Hatukujaza sufuri. Tulikaa naye saa tatu na daftari lake la mauzo, lile la mistari, lenye madoa ya nyanya. Mwaka kwa mwaka: amenunua mboga kwa ngapi, ameuza kwa ngapi, ushuru wa soko, mkokoteni, zilizooza. Mwenzangu akakagua. Ritani tano zikaenda, nne za nyuma na moja ya mwaka uliokuwa umekwisha. Wiki kadhaa baadaye akanipigia kuniambia zile Sh8,000 hazipo tena.

31. Lakini kilichonibakia si hizo Sh8,000. Tulipomaliza mwaka wa mwisho aliangalia mstari wa ushuru wa soko, ile pesa anayotozwa na kaunti kila asubuhi. Hakuwahi kuijumlisha. Akanyamaza, halafu akauliza, "Na choo cha soko hakijafunguliwa tangu mwaka gani?" Jumatatu alienda na daftari lake kwa msimamizi wa soko. Choo sijui kitafunguliwa lini, ila swali sasa lina hesabu nyuma yake.

32. Ndiyo maana nasema msaada wa kujaza ritani ni siasa, ile siasa ya kweli. Guka alitunza karatasi asizoweza kusoma ili asikamatwe. Mama huyu amesoma yake, na amepata swali.

33. Kwa hiyo mgombea wa upande wowote akija kijijini kwenu kuongea kodi, muulize mambo matatu. Moja, faini kwa mtu ambaye kodi yake ni sufuri inasaidia nani? Mbili, msaada wa bure utafika sokoni lini, badala ya sokoni kufuata msaada? Tatu, nikisema nimelipa kiasi hiki, utanionyesha wapi kilipoenda?

34. Juni tutakuwa ukumbini tena, Jumamosi zote, kuanzia saa nane. Njoo na kitambulisho, PIN, fomu ya P9 kama umeajiriwa, na daftari kama unauza. Kama una laptopu na subira, njoo ukae upande wetu wa meza, tutakufundisha kwanza. Na ukisoma hapa una mzazi mwenye PIN, usishiriki uzi huu tu. Mpigie leo umwulize mara ya mwisho alijaza lini.

Mwisho wa uzi.